Kikombe cha Evarista

Evarista alikuwa na kicheko cha kuvuka mtaro. Mashamba yetu hapa Qurus yanapakana, mtaro wa maji uko katikati, na tangu tukiwa wasichana nilijua ameamka kwa kukisikia. Mwaka 1979, mwezi wa tano, mtoto wake wa kwanza alifariki akiwa na siku tisa. Kicheko kikakatika.

Sisi Wairaqw tulikuwa na mwiko: mama aliyefiwa na mtoto mchanga hutengwa. Haingii nyumba ya mtu, hachangii kikombe, na zaidi ya yote hamkaribii mwenye mimba. Katekista alisema huo ni upuuzi, wote tukaitikia, na Jumapili Evarista akakaa benchi zima peke yake. Hata maziko yalikuwa ya yeye na mumewe tu. Na mimi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, nilikuwa na mimba ya miezi minne. Nilimsalimia kutoka ng'ambo ya mtaro, haraka haraka, mkono tumboni. Sijivunii.

Mayai yake hatukuyanunua tena, kwa hiyo akawa anayapeleka Karatu mjini, kwenye nyumba za walimu. Jumamosi moja alibisha hodi kwa Mwalimu Wije, mtu wa Sri Lanka aliyefundisha hesabu sekondari. Mkewe, Mama Kusuma, akafungua, amevaa nyeupe tupu. Nyuma yake Evarista aliona watu sita wameketi chini kwenye mikeka, kimya, wamefumba macho, na Patrisi, fundi trekta wa hapa kwetu, akiwa mmoja wao. Kulikuwa na taa ya mafuta na maua kwenye sahani.

Akajua ni msiba. Nani asingejua?

"Poleni," alisema. "Ila mimi siingii, mama. Nimefiwa na mtoto, nimetengwa. Nitawaletea mkosi."

Mama Kusuma akaufungua mlango wote. "Vua viatu tu," akasema. "Karibu ndani."

Alikaa kando ya Patrisi, juu ya mto ulioshonwa kwa gunia na kujazwa maganda ya maharage. Akalia. Alilia kama alivyotakiwa kulia siku ya maziko, kwa sauti, na hakuna aliyemhama wala kumnyamazisha. Walipofumbua macho akauliza kafa nani.

Patrisi alitaka kucheka, akajizuia. "Hakuna aliyekufa, dada. Hawa ni Wabuddha. Tunakaa tu, tunafuata pumzi ikiingia na ikitoka."

"Lakini leo," Mama Kusuma akasema, "tumekaa kwa ajili ya mtoto wako. Aliitwa nani?"

Hakuna jirani aliyewahi kumuuliza. "Marsela," alisema.

Tangu hapo mayai yakawa kisingizio. Jumapili misa, Jumamosi pumzi, na kule hakuna aliyemtaka achague. Mimi niliona wivu, niseme ukweli. Siku moja akaniambia kutoka ng'ambo, bila hasira yoyote: "Germana, kule wananipa kikombe." Afadhali angenitukana.

Wiki mbili nilibishana na mama mkwe wangu, na usiku na tumbo langu. Mama mkwe alisema wazi: ukienda, likimpata mtoto jambo usije ukanililia. Jumamosi ya tatu nilikwenda. Mama Kusuma akaniambia nivue viatu. Evarista aliponiona akasogea mpaka ukutani.

"Usikae hapa, Germana. Tumbo lako."

Nikakaa hapo hapo. Kufuata pumzi sikuweza hata moja; nilikuwa nasikiliza kama mtoto bado anacheza. Ikaja chai ya rangi, kavu, maana mwaka ule sukari tuliisikia tu. Evarista alipofika nusu ya kikombe chake nilikichukua mkononi mwake, nikakimaliza. Alinitazama kwa hofu. Nami nilikuwa nayo tele.

"Nisamehe," nikamwambia. Wenzetu wakageuza nyuso, wakajifanya wanatafuta viatu.

Binti yangu alizaliwa mwezi wa kumi. Siku ile ya tisa sikulala. Ya kumi kulipokucha nilimfunga kanga, nikavuka naye mtaro, nikamweka mapajani mwa Evarista. Alifumba macho, nikadhani anasali. Niliposogea nikaona kifua chake kinapanda na kushuka pamoja na cha mtoto. Alikuwa akifuata pumzi, ila si yake.