Saa Nne ya Kaka

Kwenye simu yangu kuna ukurasa nisioufunga. Unasema kutoka Toronto mpaka Unguja ni kilomita elfu kumi na mbili na ushei, saa kumi na sita angani, kama ndege ingeruka moja kwa moja. Hairuki. Kaka yangu mkubwa hubadilisha ndege njiani, na safari humla siku nzima. Nayajua yote haya kwa moyo, na bado naufungua.

Mama alifariki Mkokotoni, Alfajiri. Baada ya Alasiri kaka akanipigia kutoka Toronto.

"Nnapanda ndege sasa hivi. Nafika kesho saa nne. Mningoje, nnataka kumteremsha mama kaburini kwa mikono yangu."

Wazee walinuna, maana kwetu maiti hacheleweshwi. Mjomba ndiye aliyewatuliza.

Kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa uwanja wa ndege. Abiria wakatoka mpaka wa mwisho, kaka hayumo, simu yake imezimwa. Nikarudi Mkokotoni peke yangu. Mjomba akaniuliza mbele ya watu:

"Una hakika kakwambia saa nne?"

"Naam, mjomba. Kwa masikio yangu haya."

"Basi kaachwa na ndege huyo. Tumzike?"

Nikasema mzikeni. Mimi, si mwengine. Tukamzika baada ya Adhuhuri.

Saa kumi na moja jioni teksi ikasimama mlangoni, kaka akashuka na begi lake. Kucha zangu bado zilikuwa na udongo.

"Ndege imetua saa nne kamili," alisema huku analia. "Hata dakika haikuchelewa. Kwa nini hamkuningoja?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Alinisomea saa ya kwenye tiketi, ya Kizungu. Saa nne yake ni saa kumi yetu ya jioni. Miaka yote ile ya ugenini ilimbadilisha saa mdomoni, wala mwenyewe hajui. Na mimi, mpumbavu, sikuhesabu: toka Alasiri mpaka saa nne asubuhi ni saa kumi na nane tu, na hakuna ndege ya kumfikisha.

Ningemwambiaje kwamba neno lake ndilo lililomzika mama bila yeye? Nikamwambia mjomba na wazee walikataa kungoja. Toka siku hiyo hasemi na mjomba, na mjomba hajui kosa lake.

Kila akija, nahesabu mwenyewe saa atakayofika kwenye ukurasa wangu, nisije nikamuuliza.

Juzi kapiga tena, mie niko Malindi, bandarini hapa Unguja, napakia mizigo ya boti.

"Nafika Jumapili, saa nne."

Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, simu nimeibana begani. Ulimi ukateleza.

"Saa nne ya kwetu au ya kwenye tiketi?"

"Ya kwetu, au ya kwenye tiketi," akayarudia maneno yangu, moja moja.

"Mbona siku ile hukuniuliza hivyo?" akasema.