Mashine Isiyovuma

Leo kompyuta kanichagulia mama, mtu ambaye hata rimoti ya TV haigusi.

Nilikwenda naye kwa fundi Saidi, hapa Mabwerebwere. Nilitaka mashine moja tu ya nyumbani, ihifadhi video zetu zote na izioneshe kwenye TV.

Fundi akaweka mbili mezani. Moja kubwa, inabeba kila kitu, ila feni yake inavuma kama mashine ya kusaga. Nyingine ndogo kama kisosi, haina feni, ila nafasi yake finyu.

Nikachagua kubwa. (Nina filamu nyingi, mnanijua.)

Fundi akachomeka diski yangu kwenye ile kubwa tuijaribu. Akabonyeza faili la kwanza aliloliona.

Harusi ya kule Ruhembe.

Kaka yangu Rajabu, tuliyemzika mwaka juzi, akaitazama kamera, akacheka: "Shikamoo mama!"

Mama alikuwa kwenye benchi, kikapu cha sokoni mapajani.

"Marahaba mwanangu."

Fundi akaangalia chini.

Mama akanigeukia. "Zima hilo linalovuma. Kaka yako anaongea, hasikiki."

Tumerudi na ile ndogo. Filamu zangu nimefuta karibu zote. Sijasikia uchungu wala chochote, nawaambia ukweli.

Sasa iko sebuleni. Video ikiisha inaanza upya yenyewe, na kila Rajabu akisalimia, mama anaitikia.

Wataalamu, pa kuzimia huko kujirudia napajua.

Ninachowauliza ni kimoja: nizime?