Mwanaidi na hesabu ya nguva

Jamani, leo binti yangu Mwanaidi kamsahihisha Mdachi.

Mdachi huyo, bwana mkubwa wa serikali, kakaa ufukweni Kinjumbi tangu asubuhi, anahesabu nguva wanaoibuka kuvuta pumzi. Kapata arobaini. Kasema kwa wingi huo atatoa ruhusa wavuliwe kwa nyavu.

Mwanaidi wangu, ambaye maji yakipwa hushinda huko huko akiokota chaza, akamwambia, "Bwana, umemhesabu mama mmoja na mwanawe mchana kutwa. Mama ana kovu mgongoni. Mtazame."

Akida wa Mdachi, aliyekuja naye, akamkaripia, "Wewe binti, nyamaza."

Mdachi akatazama. Kovu likaibuka. Baadaye likaibuka tena.

Mimi nimekaa kimya, kwa taabu, mnanijua.

Mdachi akafuta arobaini, akaandika wawili. Karatasi ya ruhusa aliyokwisha kuiandaa akaichana.

Akauliza binti huyu kasoma wapi.

Nikamwambia, kwangu.