Hisa Zilizofungwa kwa Jina la Zafeiri

Huko Volos, mji wa Ugiriki, walimjua Aglaia Zafeiri kwa mambo mawili: alifundisha hesabu miaka thelathini, na hakuwahi kutoa neno akalirudisha. Marehemu mumewe, daktari, alimwachia nyumba, hisa elfu mbili, na jina ambalo watu waliliamini kuliko stakabadhi.

Ndiyo maana masika ya mwaka 2000, hisa hizo, za kampuni ya intaneti ya mjini, zilipoporomoka toka drakma elfu nne hadi elfu mbili kila moja, shemejiye Stergios, mdogo wa mumewe, alimjia yeye kwanza. Alikuwa akigombea ujumbe wa bodi. Alidai kinachoangusha bei ni woga tu, na bodi mpya itaiokoa kampuni. Ila mwenye kutaka kupiga kura sharti azifungie hisa zake benki. Angeweza kuzitoa hadi Ijumaa; benki ikishafunga milango siku hiyo, hawezi kuziuza hadi mkutano upite, hata bei ifike wapi.

Jumapili, kwenye lango la kanisa, Aglaia aliwaambia majirani kwamba ukoo wa Zafeiri wote unafunga. Mfamasia alicheka, akasema hisa za intaneti ni upepo kwenye gunia. Fotis, muuza mikate ya ufuta, ambaye alikuwa ametia humo akiba ya uzee wake wote, alimkatiza.

“Daktari Zafeiri hakunidanganya kwenye ugonjwa. Jina lake litanidanganya kwenye hisa?”

Wiki nzima bei iliendelea kushuka, na majirani waliendelea kufunga.

Ijumaa mchana Aglaia alipeleka fomu yake benki. Karani, Lenio, aliyekuwa mwanafunzi wake, aliipiga muhuri, kisha akainama.

“Mwalimu, hili sijakwambia mimi. Bwana Stergios hajafunga hata moja. Aliuza zote Jumanne, wakati nyinyi mnafunga.”

Aglaia aliiacha fomu yake palepale. Neno lilikuwa lake, na hasara yake iwe yake. Lakini akiba ya Fotis haikuwa yake. Angenyamaza, jina lingebaki safi, walau hadi siku ya mkutano. Alisimama mbele ya mkahawa wa wanaume, ambako mwanamke huishia mlangoni akimwita mumewe. Akaingia.

Stergios alikuwa anagawa karata, Fotis na mfamasia wakiwa meza ya pili. “Shemeji, kafa nani?” Wenzake wakacheka.

“Hisa zako ziko wapi?”

Akajibu kuwa ziko benki, kama za kila mtu.

“Basi toa karatasi ya benki. Kila aliyefunga anayo.”

Stergios alizichanganya karata upya, akasema kakake angeona aibu kaburini, mambo ya nyumbani kuletwa mkahawani. Safari hii hakucheka mtu. Wala karatasi hakuitoa.

“Mwalimu,” Fotis alisema polepole, “Jumapili si wewe uliyetuambia tufunge?”

“Ni mimi. Nilikosea. Nendeni mkazitoe.”

Mfamasia alitazama saa ukutani: zimebaki dakika kumi benki ifungwe. Viti vikasukumwa, wanaume wakatoka kwa haraka, mmoja akamgonga Aglaia bega bila kumwomba radhi. Fotis, mwenye goti bovu, alikuwa wa mwisho. Aglaia alimshika mkono amsaidie kupanda mtaa wa kwenda benki.

Mzee aliutoa mkono wake taratibu, bila ukali, akatangulia peke yake.