Nilivyobomoa Ploti Yangu kwa Kopo la Rangi

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ploti yangu ya Kawangware, hapa Nairobi, iliezuliwa na upepo. Si kweli. Iliezuliwa na mimi, kwa kopo la rangi lililobaki robo, tena nikiwa sipo. Naeleza haya sasa kwa sababu wanaojua ukweli ni wengi kuliko niliowadanganya, na uongo ni mzigo unaohitaji mtu mwenye nguvu kuliko mimi.

Nilifundisha chuo kikuu miaka kumi na tisa, na tangu niache kazi hiyo huwaandikia wenye nyumba makala za ushauri: namna ya kumchagua mpangaji, namna ya kuishi na broka mwenye maneno mengi, kwa nini ukarabati usingoje mvua. Mali yangu mwenyewe katika fani hiyo ni vyumba kumi vya mabati nilivyoachiwa na baba, kwenye ploti iliyobanwa na ploti za wengine kila upande. Mganga hajigangi, na mapaa yangu yalikuwa yakivuja.

Aliyenisukuma hatimaye ni Mama Sharon wa chumba namba nne, mshonaji wa sare za shule, mpangaji wangu wa miaka kumi na mmoja, aliyeniambia kwa upole wake kwamba maji yakiingia tena kwenye vitambaa vya watu itambidi ahame. Sikutaka ahame. Kila mwenye ploti ana mpangaji mmoja ambaye akiondoka wengine wanaanza kujiuliza wanangoja nini, na wangu alikuwa yeye.

Basi nikamtafuta fundi, fundi akasema atakuja Jumatatu, na akaomba akute vyumba vinavyovuja vimewekwa alama ili asizunguke akigonga milango ya watu kuuliza nani analowa. Ombi la busara kabisa. Jumamosi asubuhi nikapitia pale, haraka haraka, kwa sababu nilikuwa nimealikwa kuzungumza na wenye ploti wenzangu kwenye ukumbi wa kanisa moja kule Kibera, mada ikiwa mawasiliano mema kati ya mwenye nyumba na mpangaji (tafadhali msicheke bado). Wapangaji wengi walikuwa wametoka kwenda kazini au sokoni, nami sikuona haja ya kumsubiri yeyote, nikachukua kopo la rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka geti. Sasa, mtu aliyesahihisha mitihani miaka kumi na tisa, ukimpa rangi nyekundu ukamwambia aonyeshe penye kasoro, ataandika nini? Niliandika X. Kubwa, iliyonyooka, kwenye milango minne, na ile ya Mama Sharon ikachuruzika kidogo nikaipangusa kwa leso yangu.

Msomaji wa Nairobi ameshashika kichwa. Kwa asiye wa hapa, X nyekundu kwenye ukuta au mlango wa mtu kwetu haina maana mbili: tingatinga la serikali linakuja kubomoa. Watoto wa chekechea wanalijua hilo. Hata mimi nililijua, ndicho kinachoniuma, ila nililijua kama wenye ploti wanavyoyajua mambo ya wapangaji, yaani kwa kusoma.

Nilipofika Kibera nikazima simu, kwa adabu ya ukumbi, nikazungumza karibu saa mbili nzima. Nilisema, nakumbuka vizuri, kwamba mpangaji asipopata habari kutoka kwako atajitengenezea zake. Wakapiga makofi. Nikaongeza mifano.

Huku nyuma Musyoka, keateka wangu, yaani mwangalizi wa ploti, alikuwa ameziona zile X akanipigia, hapatikani, akapiga tena, hapatikani. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana hilo nalo lina maana yake Kawangware. Bomoabomoa ikinukia, anayenong'onezwa kwanza ni mwenye ploti, na akishanong'onezwa huzima simu ili asiulizwe maswali. X peke yake ingeweza kuwa uvumi. X pamoja na simu ya landilodi iliyozimwa ni tangazo rasmi.

Niliporudi mchana nilikuta watu wa ploti ya jirani wakitoa vitanda, nikafikiri kuna msiba. Kisha nikafika kwangu nikaona mawingu. Namaanisha nilisimama getini nikatazama vyumba vyangu kumi na juu yake hakukuwa na kitu kingine. Mabati yote yalikuwa yamepangwa vizuri kando ya choo, marefu chini, mafupi juu, na Mzee Okello, seremala wa chumba namba saba, alikuwa ameyakalia, nyundo mkononi, kama askari.

"Prof, pole," akaniambia (mimi si profesa, nimechoka kuwasahihisha). "Tumekuokolea mabati. Tingatinga ikiyapata huko juu inayakunja yote. Hata misumari tumekunyooshea."

"Nani amewaambia kuna tingatinga?"

"Si wamepiga X. Wamekuja tukiwa kazini. Hao watu hawana haya, wamepaka mpaka kwa Mama Sharon, na yule ni mama wa kanisa."

"Na hawa jirani wanahamia nini? Wao hawana X."

"Prof, tingatinga haijui mpaka."

Nakiri kwamba nilifikiria kunyamaza. Ningesema nitafuatilia jambo hili na ofisi husika, wangenishukuru. Lakini naibu wa chifu alikuwa ameshaitwa, akaja na daftari lake, akauliza watu hao walitoka ofisi gani, maana yeye hana barua yoyote. Mama mmoja anayeuza mboga mkabala na geti akasema yeye aliona mtu mmoja tu, kwa mgongo, mfupi, ana kipara, amevaa koti la kwenda harusi. Watu wakaanza kufikiri. Mimi nilikuwa natoka jasho, nikajifuta.

"Prof," Musyoka akasema polepole, "hiyo leso yako imefanya nini?"

Ilinibidi nipande juu ya mabati yangu mwenyewe, kando ya Mzee Okello, nieleze kuhusu fundi, na Jumatatu, na mapaa yanayovuja. Nilipomaliza, sauti moja nyuma ikauliza, "Kwa hivyo Prof, tumefeli ama tunarudia?" na hapo ploti nzima ikaangua kicheko, na ya jirani pia, wakiwa bado wameshika vitanda. Naibu wa chifu hakucheka. Aliandika kitu, akanitazama, akaandika kingine.

Mapaa yalirudishwa jioni hiyo hiyo, na waliowaezulia wenzao ndio walioezeka, wakinitania kwa kila msumari. Lakini cherehani ya namba nne haikuwepo. Mkokoteni wa Mama Sharon ulikuwa umeondoka saa sita, akaenda kwa dada yake Lindi, mtaa wa kule kule Kibera.

Kesho yake baada ya ibada nikamfuata, nikiuliza kibanda hadi kibanda. Nilimkuta anakata kitambaa juu ya mlango wake. Alikuwa ameung'oa namba nne akaondoka nao, kwa haki, maana aliununua mwenyewe wangu ulipooza, akaulaza juu ya mapipa mawili, upande wa rangi chini.

"Mama Sharon, ilikuwa ni mabati tu. Nilikuwa nakutengenezea."

"Wameniambia. Nimecheka, Prof, mpaka dada akaniuliza kama niko sawa."

"Basi rudi. Paa lako ndilo fundi ataanza nalo kesho."

Akamaliza mstari wa chaki kwanza. "Miaka kumi na moja," akasema. "Na nilipoona ile kitu sikuuliza. Sikusema, ah, huyu hawezi. Nilifunga tu mizigo, nusu saa, kama mtu alikuwa amejipanga. Hapo nikajua pale sikuwa nikiishi. Nilikuwa nangoja." Kisha akaniletea chai, nami nikainywa yote.

Namba nne sasa anakaa fundi wa simu, na paa halivuji. Ushauri wangu kwa wenye ploti umepungua sana urefu: mwambie mtu kwa mdomo, akiwa amesimama mbele yako. Nimeapa sitafanya vinginevyo maadamu nina miguu, na kila mwanzo wa mwezi napita mlango kwa mlango nikiwaambia wapangaji wangu kwamba hakuna jambo lolote, wasiwe na wasiwasi.

Juzi Mzee Okello alinisindikiza hadi getini. "Prof," akaniambia, "wewe ukija kila mwezi kutuambia hakuna kitu, ndio watu wanaanza kufunga mizigo."