Mirija Miwili ya Mzee Pancras

Mzee Pancras wa Mbuba ni mkulima wa migomba na maharage. Kama si ile filamu, sidhani kama mtu wa nje ya kijiji chetu angelijua jina lake. Mimi ni jirani yake na si msemaji sana, ila jambo hili nililiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimepewa kazi ya kushika ubao mweupe wa kurudisha mwanga.

Filamu ilikuwa ya Frednand, kijana aliyekuja na kamera kutoka Biharamulo. Mwisho wa hadithi yake ungeujua kabla hujakaa vizuri. Wazee wawili ni marafiki, mmoja anaambiwa ana saratani na hatapona, wanagombana, wanapatana, anakufa. Mzee Pancras alipewa ugonjwa kwa sababu ni mwembamba. Rafiki akawa Mzee Sindayigaya, ambaye alikuwa ameshakubali kabla hajajua ataigiza na nani.

Kitu ambacho Frednand hakukijua ni kwamba wazee hao walikuwa na miaka saba hawasalimiani. Zamani walikuwa kama pacha, na Sindayigaya alimwita mwenzake Baba Joyness, kwa jina la mtoto wake. Kisha siku moja, kwenye mkutano wa kijiji, wakibishania mpaka wa shamba, Pancras alimwita mwenzake mkimbizi mbele ya watu wote. Sindayigaya alizaliwa hapa hapa Mbuba. Waliokimbia Burundi ni wazazi wake.

Kwetu pombe ya ndizi hunywewa kwa mirija, watu wakizunguka mtungi mmoja. Huwezi kunywa hivyo na mtu mliyekosana. Ukinywa naye, yameisha. Kwa miaka saba Sindayigaya hakutia mrija wake kwenye mtungi alipo Pancras.

"Sasa mzee, wewe umekubali kuigiza kwa nini?" nilimuuliza Pancras.

"Nikienda kwake anaingia ndani na kufunga mlango," alisema. "Kwenye sinema itabidi akae."

Siku ya sehemu ya mwisho tulikuwa uani kwa Pancras. Mgonjwa alilazwa mkekani, mtungi ukawekwa katikati.

"Mama, tia maji tu," Frednand alimwambia Melania, mke wa Pancras. "Kamera haionji."

Melania aliitikia, akaingia jikoni.

Kamera ilipoanza, Mzee Pancras alibadilika. Asubuhi ile nilimwona akipalilia, lakini sasa pumzi yake ilikuwa ya mtu anayeondoka. Alisema maneno ya kwenye karatasi. Halafu akaongeza yake.

"Lile neno la mkutanoni. Nilipolitamka niliuona uso wako, na tangu siku hiyo nauona kila siku. Nilikukosea, ndugu yangu."

Frednand alipekua karatasi zake, hakuyaona maneno hayo.

Sindayigaya alitakiwa kujibu, "Nimekusamehe," kisha anywe. Yeye aliuinamia mtungi, akashtuka. Harufu ile haikuwa ya maji. Akamtazama Melania, naye Melania akamtazama bila kupepesa macho. Sisi wa Mbuba tulielewa wote. Maji angeweza kuyanywa na kwenda zake nyumbani na hasira yake. Pombe asingeweza. Frednand peke yake ndiye aliyekuwa anasubiri maneno.

Sindayigaya aliushika mrija, akaupuliza, akauingiza kando ya ule wa Pancras. Akavuta, akavuta tena. Machozi yalimshuka hadi kidevuni.

"Kata!" alisema Frednand.

"Kata wewe," alisema Sindayigaya bila kuinua kichwa. "Mimi nakunywa."

Filamu ilionyeshwa Rulenge, ukumbini, kwenye shuka jeupe. Mwanzoni watu walipiga kelele, "Huyo atakufa tu!" Ilipofika kwenye mtungi wakanyamaza wote, hata wasiojua habari za wazee hawa. Mimi niliyekuwepo pale uani nilisisimka upya, kama vile sijui kitakachotokea.

Wenyewe walikuwa wamekaa benchi moja mbele yangu. Pancras wa kwenye shuka alipofumba macho, Sindayigaya alimgusa kwa kiwiko yule wa kwenye benchi.

"Baba Joyness, upo?"

"Nipo. Hebu nyamaza, niangalie ninavyokufa."