Kitenge kwenye mupira wa baiskeli

Mujukuu wangu aliye Ulaya alinitumia picha: yeye juu ya baiskeli, chini theluji tupu, anacheka. Mimi nilitaka kutapika.

Ilikuwa zamani, wakati wa vita. Mama yangu alikuwa na homa ya mapafu, na hospitali yenye dawa ilikuwa Bukavu. Sisi tulikuwa Nyangezi. Gari hakuna. Nikamupakia nyuma ya baiskeli ya marehemu bwana yangu, nikamufunga kwangu mugongoni sawa mutoto, nikakanyaga.

Kwenye mulima mvua ya mawe ikatukuta. Barabara ikawa nyeupe yote. Lakini ng'ombe za watu waliokuwa wanakimbia zilishapita pale: juu barafu, chini mavi. Mupira ukateleza, tukaanguka kwenye ukingo wa korongo, nikameza. Ndiyo, nikameza.

Mama akavua kitenge alichojifunika.

"Funga mupira na hii."

"Baridi itakuua, mama."

"Na ile korongo itanifanya nini?"

Nikakizungusha kwenye mupira wa nyuma, nikikipitisha kati ya vyuma. Baiskeli ikashika njia.

Tukafika kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani. Askari mumoja alikuwa pale na wenzake, jina lake na la baba yake ninayajua, hayaingii hapa. Alikuwa anaokota mawe ya mvua na kuyafyonza sawa muwa. Akaangalia mupira.

"Maman, munatoka Luhwindja, kwenye machimbo?"

"Nyangezi, papa."

"Uongo. Zahabu inasafirishwaka hivi. Fungula!"

"Iko mavi ya ng'ombe, papa."

"Kila mutu anasemaka hivyo."

Akafungua mwenyewe. Akapapasa kila mukunjo, akakamua, maji ya kijani yanamushuka mpaka kwenye kiwiko. Mama anatetemeka, midomo imebadilika rangi. Kumbe ndani kulikuwa na kipande kidogo, cha manjano, kinang'aa. Askari akageuka ili wenzake wasione, akakiuma kupima, vile wanaumaka zahabu.

Kikayeyuka. Jiwe la mvua, ng'ombe wameligeuza manjano.

Uso wake! Mama akacheka mpaka kicheko kikawa kikohozi, nikafikiri anaishia pale. Askari anatema, anafuta ulimi na mukono uleule muchafu.

"Pitieni! Munanuka!"

Hospitalini infirmier, muuguzi wa zamu, alifunga pua, lakini alimupokea mama. Wiki tatu baadaye nikaenda kumuchukua mama na baiskeli, nimeiosha vizuri. Akaiangalia, akaniangalia mimi, akaanza kutembea kwa miguu kurudi Nyangezi.